Siku ya maji ndo siku ya kusugua

Nduzangu hamjambo. Nimenyamaza hapa karibu miezi miwili, si kwa kupenda, ni mvua za mwaka zimeanza na sie wahudumu wa afya ya jamii mvua zikianza ndo kazi imeanza. Leo nimerudi na jambo moja ambalo limenikaa moyoni muda mrefu, nalo lahusu pipa la maji, na n'talisema lote hata likiwa refu.

Nianze na mikono yangu. Januari 2018, kama mlikuwa Mombasa mwakumbuka, mji mzima ulikuwa ukichechemea kwa chikungunya, homa ya virusi inayoletwa na mbu. Vijana na nguvu zao walikuwa wanashuka matatu pale Kongowea wameng'ang'ania mlango kama wazee wa miaka tisini. Mimi ilinianza alfajiri, nliamka nende chooni miguu ikakataa kukanyaga, nkadhani nimelala vibaya, kufika jua kutoka homa imepanda na kila penye kiungo pamewaka, vifundo, magoti, viganja, mpaka hivi vidole vidogo. Siku ya nne homa ikashuka nkasema alhamdulillahi nimepona, nkakaa juu ya mbuzi nikune nazi, nkashika kifuu, mkono ukaachia wenyewe. Nazi ikaanguka ikabingirika mpaka mlangoni. Nliiangalia tu machozi yakanitoka, manake nlijaribu kuiokota nikashindwa kuikunjia vidole, na mikono ile ilikaa hivyo mpaka karibu na Ramadhani.

Zahanati nliyokwenda siitaji. Walinitoboa kidole, kipimo cha malaria kikatoka hakuna, wakanipa dawa za malaria vilevile na sindano ya maumivu juu yake. Wakati ule sikujua kitu, nkashukuru nkenda zangu. Leo najua kwamba dengue, homa nyingine ya virusi ya mbu, nayo inazunguka hapa hapa Mombasa, ilitupiga 2013 na 2014 na ikarudi tena baadaye, na mwanzo wake na mwanzo wa chikungunya yafanana sana, na mtu mwenye dengue ukimpa dawa za maumivu kama diclofenac au ibuprofen au aspirini waweza kumzidishia kuvuja damu. Kwa hivyo cha kuanza nacho ni Panadol na maji mengi na kupumzika, mpaka ijulikane kwamba si dengue. Hili liko kwenye miongozo ya Shirika la Afya Duniani miaka mingi tu, wala si siri, ila halijafika kwa yule anayeshika sindano, na mie nkawa ndo nimelala pale kitandani kati ya karatasi iliyojua na mkono usiojua.

Hesabu ya kaunti iliyotolewa wakati ule ilisema kuanzia katikati ya Desemba 2017 mpaka tarehe 3 Februari 2018 wagonjwa walikuwa 453, na 32 kati yao ndo waliothibitishwa maabara. Sina ugomvi na hesabu hiyo, lakini nyumba yetu ya vyumba sita tuliugua watu tisa na hakuna hata mmoja aliyeingia kwenye daftari la mtu.

Sasa kinachoniuma mimi si kwamba ugonjwa ulikuja. Ni kwamba ulikuwa unajulikana, tena na sisi wenyewe watu wa pwani. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, na watafiti walipopima damu za watu pale mwezi wa kumi wakakuta watu 75 katika kila 100 wameshaambukizwa. Lamu nzima, waweza kusema. Na walipoangalia imekuwaje, wakaandika kwamba kulikuwa na ukame, watu wanaweka maji ndani yakae siku nyingi, hayabadilishwi, na mbu wakazaliana mumo humo majumbani. Kutoka hapo ugonjwa ukashuka Mombasa, ukavuka bahari mpaka Komoro, ukafika Réunion ukaangusha watu zaidi ya 200,000, ukaenda mpaka India. Ulianzia kwenye mapipa yetu jamani. Jina lenyewe la chikungunya ni Kimakonde, lina maana ya kupinda, maana ulitambuliwa mara ya kwanza huko kusini mwa Tanganyika mwaka 1952 na 1953. Na kabla ya hapo, mwaka 1870, kulikuwa na daktari Zanzibar akiitwa James Christie aliyeandika kuhusu homa ya kuvunja viungo ambayo wenyeji walikuwa wakiiita kidinga pepo. Yaani homa za namna hii babu zetu walishazipa jina karne na nusu iliyopita. Ndo kamusi mpaka leo ukitafuta dengue wakupa kidingapopo.

Kwa hivyo 2004 imeandikwa, maji ya kuweka ndani ndo chanzo. Tukafika Desemba 2017 sie mtaani tukaambiwa nini? Tukaambiwa tusafishe mitaro na tufyeke nyasi, na tulale kwenye neti.

Nliifanya hiyo kazi kwa moyo wote. Tulitoka vijana na kina mama wa Mishomoroni na majembe na reki, tukazibua mtaro kutoka juu mpaka chini, tukajaza magunia, jua la saa sita juu yetu, na wakati huohuo mbu wa chikungunya, Aedes aegypti, wanatuuma miguuni vilevile. Manake huyu mbu si wa mtaroni. Mbu wa mtaro wenye maji meusi kwa kawaida ni Culex, huyo ana kesi zake, yeye huku pwani ndiye anayebeba matende. Mbu wa malaria ni Anopheles, yeye auma usiku, ndo maana ya neti. Lakini huyu wa chikungunya na dengue ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, auma mchana, hasa asubuhi jua likichomoza na alasiri kuelekea magharibi, na apenda maji masafi yaliyotulia kivulini. Pipa la uani ndo nyumba yake. Mtu unalala kwenye neti usiku kucha, asubuhi watoka kuoga unachota maji pipani, anakungoja hapo.

Mtaro si vibaya kuusafisha, wala msinielewe vibaya, kipindupindu nacho kipo. Nasema tu kwamba tulitoa jasho letu pahali pasipo na yule tuliyekuwa tukimtafuta, na hakuna aliyekuja kutwambia.

Baadaye ujumbe ukabadilika, ukaja ulio sawa kabisa kisayansi: mwaga maji yote yaliyowekwa zaidi ya wiki moja. Nlipewa makaratasi ya kugawa yana picha ya ndoo imepinduliwa. Nkaingia nayo nyumba ya kwanza, kwa bibi mmoja jirani yangu ambaye kwangu ni kama mzazi, nyumba ya Kiswahili, ua nyuma, mapipa manne ya bluu yamejipanga chini ya mwembe, kila chumba na lake.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, karibu, kaa."

Nkamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, akaishika ile karatasi akaigeuza huku na huku, akaniuliza, "Mwanangu, maji haya wayajua yametoka wapi?"

Nlijua. Sote twajua. Mombasa haina maji yake ya kutosha, twanywa maji ya Mzima yanayotoka huko Tsavo, na ya Baricho, na Marere na Tiwi, yote yako nje ya kaunti, na mgao ukija mtaani kwetu bomba lafunguka Jumanne na Ijumaa, tena usiku, tena wiki nyingine halifunguki. Lisipofunguka wamnunulia wa mkokoteni, na siku za shida mtungi wa lita 20 hufika shilingi 50. Pipa moja ni mitungi kumi.

"Basi," akasema, "shilingi mia tano nizimwage chini kwa ajili ya mbu?"

Sikuwa na jibu. Nliweka karatasi juu ya kiti nkatoka, na nlivyofika nyumba ya tano nliacha kusema mwaga, nkawa natoa karatasi tu na kuondoka. Kwenye ripoti yangu nliandika nyumba 22 zimefikiwa. Na ni kweli zilifikiwa.

Hapo ndo nataka tukae kidogo, manake miaka yote hii nimeona watu wakizungumza utafiti na utekelezaji kana kwamba ni kupeleka barua tu, watafiti wameandika, sie twapeleka, mwananchi apokee afanye. Ikishindikana wasema mwananchi mgumu, hana elimu. Bibi yule si mgumu. Yule amelea watoto saba kwa maji ya kununua, ajua thamani ya kila kata anayochota. Ujumbe ndo uliokuwa haujakamilika, ulijua mbu na haukujua Jumanne na Ijumaa.

Kilichonifungua macho ni kopo. Kulikuwa na kijana mmoja wa utafiti aliyekuwa akipita mitaani na makopo meusi ya plastiki, ndani maji kidogo na ukanda wa kitambaa cheupe umezunguka ukuta, akayaacha uani siku kadhaa kisha arudi kuhesabu mayai. Nkamuuliza mbona kitambaa, akanionesha. Vinukta vyeusi vidogo kama vumbi la pilipili manga, vimejipanga juu kidogo ya pale maji yalipofika. Akaniambia huyu mbu hatagi mayai majini, ataga ukutani mwa chombo, juu ya mstari wa maji, na mayai yale yakikauka hayafi, yaweza kukaa miezi mikavu vilevile, maji yakipanda yakayafikia ndo yanaanguliwa. Kutoka yai mpaka mbu anayeruka, kwa joto letu hili, ni kama siku saba mpaka kumi.

Nliganda. Manake hiyo maana yake ni kwamba hata yule aliyemwaga maji kama karatasi ilivyosema, asiposugua ukuta wa pipa, mayai yamebaki, na siku akijaza upya amejaza na mbu wake. Na yule asiyemwaga lakini akasugua na kufunika, huyo amefanya kazi kubwa zaidi. Neno zima lilikuwa ni kusugua, na kwenye picha ya ile karatasi hakukuwa na mtu anayesugua.

Nkamwomba kopo moja na kitambaa. Nkaliweka uani kwa yule bibi, nkarudi baada ya siku sita, tukakitoa kitambaa pamoja, nkakianika ndani ya bahasha wiki mbili mpaka kikawa kikavu kama mkate wa juzi. Kisha Jumapili jioni, watu wamekaa barazani na kahawa, nkakitia kwenye chupa safi ya kioo nkaijaza maji mbele yao wote. Hakuna kilichoonekana. Watu wakaendelea na mazungumzo yao. Nkamwachia bibi ile chupa nimeifunga mdomo kwa kitambaa, nkamwambia usiiguse, itazame tu kesho.

Kesho yake saa kumi na mbili na nusu asubuhi simu yalia. "Njoo." Basi. Nkatoka hata chai sijanywa. Nimefika nimemkuta amesimama mlangoni ameinua chupa kwenye mwanga, ndani vitu vidogo kama nyuzi za kanga vinajikunja na kujinyoosha, vyapanda juu vyashuka chini, na majirani wawili wako nyuma yake wanachungulia. Akasema, "Hivi ni vilivyokuwa kwenye kile kitambaa kikavu?" Nkasema ndio. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye pipa lake, akavua kifuniko, akapitisha kidole ukutani pale juu penye utando wa kijani, akakitazama kidole chake.

Yeye ndiye aliyetoa suluhisho, si mimi, na si mtafiti. Alisema maji simwagi, lakini usiku wa kuamkia siku ya maji pipa huwa limebaki robo, wakati mwingine limekauka kabisa. Wakati huo ndo wa kusugua. Kile kilichobaki utie kwenye ndoo, ufulie au upige deki, ulisugue pipa kwa kumbi la nazi na sabuni ya kipande, ulisuuze, ulipindue, maji yakija usiku walijaza. Hakuna hata kata moja iliyopotea. Mara moja kwa wiki yatosha, sie twachagua mkesha wa Ijumaa. Na vifuniko vya mapipa mengi vimepotea au vimepasuka, kwa hivyo kina mama wakaanza kukunja kanga kuukuu mara mbili na kuifunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, imekazwa kama ngoma, mbu hapiti. Mpira wa tyubu wapewa bure kwa fundi baiskeli.

Kulikuwa na gumzo la nani asugue, manake uani mapipa manne wapangaji wanne, na mmoja akilegea mbu wake hawachagui chumba. Hilo nalo walilimaliza wenyewe, wanasugua pamoja saa moja usiku baada ya magharibi, na asiyekuwepo lasuguliwa la kwake naye wiki ijayo asugua mawili. Mimi nlikuwa nimekaa tu nasikiliza.

Nlipokuja kusoma zaidi nkakuta kumbe si sisi tu. Huko Nicaragua na Mexico kulifanywa utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2015, unaitwa Camino Verde, walichukua mitaa na vijiji 150 wakagawa nusu kwa nusu, nusu moja wakawapelekea watu takwimu za mtaa wao wenyewe na kuwaonesha viluwiluwi kwenye vyombo vyao, kisha wakawaachia waamue wenyewe watafanya nini, bila kuletewa dawa mpya za kunyunyizia. Kila mtaa ukafanya lake. Na maambukizi ya dengue kwa watoto yakapungua karibu asilimia 30 ukilinganisha na ile nusu nyingine. Nlisoma hiyo usiku kwenye simu nkaisoma tena.

Na kuna hadithi nyingine kubwa kuliko hiyo, ya ORS, hii chumvi na sukari ya kuharisha ambayo kila mama anaijua. Wanasayansi walishajua miaka ya sitini kwamba sukari ndo inayoivuta chumvi na maji kuingia mwilini kupitia utumbo hata mtu akiwa anaharisha kipindupindu, na mwaka 1968 huko Dhaka ikaonekana kwa wagonjwa kwamba maji ya kunywa yaweza kuchukua nafasi ya sehemu kubwa ya dripu. Kisha 1971, vita vya Bangladesh, wakimbizi wamejazana kambi ya Bangaon mpakani India, kipindupindu kimeingia, dripu zimekaribia kwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kuwapa watu maji ya chumvi na sukari wanywe, yakatiwa mapipani, na ndugu za wagonjwa ndo waliokuwa wakichota kwa vikombe na kuwanywesha. Walikuwa wanakufa kama 30 katika kila 100, wakashuka mpaka chini ya 4.

Lakini sikieni kilichofuata, manake hapo ndo wengi wanaishia kusimulia. Dawa ikajulikana na watoto wakaendelea kufa vijijini, kwa sababu mama hana pakiti wala hajui kupima. Shirika la BRAC kuanzia 1980 likaanza kutuma wanawake nyumba kwa nyumba Bangladesh nzima, wamfundisha kila mama kuchanganya kwa mkono wake mwenyewe, chumvi ya kubana kwa vidole vitatu, sukari guru ya kujaa kiganja, na maji ya kipimo cha kienyeji cha kama nusu lita. Miaka kumi, kaya kama milioni 12. (Siku hizi tuna pakiti na zinki ya watoto, kwa hivyo tumia pakiti, lita moja ya maji safi, usipunguze.) Na malipo ya wale walimu hayakuwa kwa idadi ya nyumba walizopita. Baada ya wiki kadhaa mtu mwingine alikuwa akirudi kwa baadhi ya wale kina mama, awauliza wakumbuka nini, awaambia changanya nione, na mwalimu alilipwa kulingana na kile mama alichobaki nacho kichwani na mkononi. Na walipogundua kina mama wajua lakini hawatumii, hawakuwalaumu, walirudi kuuliza kwa nini, wakakuta wanaume hawakushirikishwa na hata baadhi ya walimu wenyewe walikuwa hawaiamini, wakaanza kukaa na wanaume misikitini na sokoni na kuwafundisha walimu upya.

Hilo ndo nalolilia. Nimefanya kazi kwenye miradi kadhaa huko nyuma, siwezi kuitaja, na yote ilinihesabia nyumba. Nyumba ngapi umefika, fomu ngapi umejaza, karatasi ngapi umegawa. Hakuna hata siku moja mtu alirudi kwa bibi yangu yule wiki ya tatu kumuuliza, mama, pipa walisugua vipi, nioneshe. Tangu Septemba 2023 sie wahudumu zaidi ya 100,000 Kenya nzima tumetambuliwa rasmi, tumepewa mikoba na simu, kila mmoja ana nyumba zake kama mia moja, na mimi nashukuru kwa hilo kwa dhati manake miaka mingi tulifanya bure kabisa. Sasa naomba kitu kimoja, tuhesabiwe kwa kilichobaki. Njoo mtaani kwangu bila kunipigia simu, chagua nyumba kumi kwa macho yako, piga tochi ndani ya pipa. Ukikuta viluwiluwi, kazi yangu haijafanyika hata kama fomu zangu zimejaa.

Na waulizwe pia wanaopanga bei. Mwakumbuka neti zilivyokuwa zikiuzwa? Utafiti wa neti zilizotiwa dawa ulifanyika hapa jirani tu Kilifi, kuanzia 1993, ukatoka 1996, vifo vya watoto wa mwezi mmoja mpaka miaka mitano vilipungua kwa thuluthi. Thuluthi! Watoto wa Kilifi, wa kina mama wa Kigiriama na Kichonyi waliokubali nyumba zao ziwe za utafiti. Na baada ya hapo neti zikaendelea kuuzwa, kukawa na imani kwamba mtu akipewa bure hataithamini, ataivulia samaki. Mpaka 2006 ndo zikagawiwa bure kwa wingi, zaidi ya milioni tatu kwa mpigo. Miaka kumi imepita hapo. Na lile la bure kutothaminiwa nalo lilipimwa, Jessica Cohen na Pascaline Dupas walilijaribu kwenye kliniki za wajawazito huko magharibi mwa Kenya, wakaandika 2010 kwamba bei ikitoka bure ikafika shilingi 40 tu, wanaochukua neti wapungua kwa pointi 60 katika kila 100, na waliopewa bure wanaitumia sawasawa na walionunua. Mamangu mzazi alinunua neti moja ya kwetu sote watano kwa pesa ya vitumbua, na alilala nje yake yeye.

Kwenye mtaa wangu sasa hivi siwezi kusema chikungunya imepungua kwa sababu ya kusugua, hakuna aliyepima damu zetu na mie siwezi kudai nisichokijua. Naweza kusema nlichokiona kwa tochi. Mwanzoni kila nyumba nliyoingia nlikuta angalau pipa moja lenye viluwiluwi, ukimulika wazama chini wote kwa pamoja kama wameitwa. Siku hizi napita nyumba nne tano sioni kitu. Na watoto wameanza kunishika mkono kunipeleka kunionesha la kwao.

Palipobaki pagumu ni matairi. Watafiti walioangalia vyombo huku pwani na magharibi mwa Kenya walikuta mbu hawa wengi watoka kwenye jerikeni, mapipa, matairi na vyombo vya kutupwa, na kwetu kuna kijana wa pancha pale kona, ana rundo la matairi mabovu kama thelathini yamekaa wazi, mvua ikinyesha kila tairi ni kisima. Haya hayana mkesha wa maji, mvua haina ratiba, na kanga haitoshi. Nlimwambia ayatoboe, akaniambia dada, mengine haya nauza kwa watu wa viti na wa kamba, nikiyatoboa yamekufa. Ana haki, ndo riziki yake. Nlimwachia kopo jeusi na kitambaa cheupe siku ya Jumatano nkamwambia atalitazama mwenyewe. Leo asubuhi amenitumia picha kwenye WhatsApp, kitambaa kimejaa vinukta, na chini ameandika, "Dada, njoo tuongee, kuna turubai la lori nimeliona Kongowea."

N'takwenda kesho baada ya kliniki ya watoto.